Kiatu Juu ya Paa

Vua visigino, mgeni, kabla hujaingia.
Sakafu hii ilimbeba farasi mzima
usiku ule Bwana Peregrine alipompandisha ngazi kwa dau la kilevi,
ikanyamaza.
Kilichoishinda ni visigino vya Jumapili.

Naitwa Hester Ollerenshaw. Nina funguo mia na kumi na nne,
kila mmoja naujua gizani kwa meno yake.
Bibi yangu alizoa majivu ya meko ishirini na sita
kabla mabwana hawajafumbua macho,
na kanuni ilikuwa hii: akikutana nao ukumbini
ageukie ukuta, awe ukuta.
Leo mimi ndiye ninayekataza watu kuugusa.

Novemba tunailaza nyumba.
Tunafunga mbao za madirisha, maana jua la Derbyshire,
hata hilo la kubahatisha, huiba rangi ya hariri
kwa adabu, uzi kwa uzi.
Viti tunavivika shuka. Vitabu elfu sita tunavipangusa
kwa brashi ya singa za farasi, toka mgongoni kwenda nje,
na sijaona hata kimoja kilichokunjwa sikio la ukurasa.
Vumbi lenyewe, wataalamu wanasema, ni ngozi za wageni
na manyoya ya makoti yao.
Nyumba hii huliwa na wanaoipenda.

Wahenga walionya: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi hapa Skelbrigg tunaziba ufa na ukuta tunaujenga,
na bado ndoo tisa zimekaa darini
zikihesabu matone.
Usiku dumuzi hugonga kichwa ndani ya mwaloni
akimwita mwenzake. Tok. Tok tok.
Hajui kwamba anakula urithi.

Kuna daftari moja ambalo silipangusi haraka.
Mwaka 1764: kwa mwashi Threlkeld, shilingi tisa.
Kwa malaika kumi na wawili wa chokaa, kutiwa dhahabu, paundi arobaini.
Kisha, kwa wino uleule, mkono usiotetemeka:
mapipa ya sukari kutoka Jamaika,
na Quaco, na Phibba, na Juba,
na mtoto, hana jina, bei yake anayo.
Wageni huinua shingo kuwatazama malaika.
Mimi huwaomba wainamishe shingo pia, wasome.
Wengine husoma. Mmoja aliniambia alikuja kunywa chai tu.

Mwaka 1917 ukumbi mrefu uliwekwa vitanda sitini.
Vijana walilala na risasi mwilini
chini ya paa la risasi,
madini yaleyale, moja ikiwaua, moja ikiwakinga mvua.
Damu ya mmoja wao iko chini ya zulia, karibu na dirisha la nne.
Hatukuitoa. Hakuna aliyetuagiza tuiache.

Masika haya paa limefumuliwa.
Fundi Gethin aliniita juu, upepo ukinipiga kofi,
akanionyesha: kwenye bamba la risasi, alama ya kiatu,
imechorwa kwa msumari kuzunguka mguu,
T.B., 1766.
Kiatu kidogo. Mwanagenzi, miaka kumi na miwili labda,
siku ya mwisho ya kazi, anadai kuwa alikuwepo.
“Tutaliyeyusha,” Gethin akasema. “Risasi huyeyushwa ikazaliwa upya.
Au tulikate, litundikwe chini ndani ya kioo.”
Nilifikiri muda mrefu kuliko alivyotaka.
Kwenye kioo, nikasema, atakuwa amegeuzwa ukuta tena.
Yeyusha.

Bamba jipya lilipopoa, liking'aa kama samaki,
Keziah, mwanagenzi wake, akaniuliza kama naruhusu.
Sheria za hifadhi hazina kifungu.
Nikageuka kutazama kondoo bondeni
hadi msumari uliponyamaza.

Mvua ilianza saa kumi.
Nikashuka darini kukagua ndoo:
kavu, kavu, kavu,
ila moja.